Kumwandaa Mwanafunzi wa Udaktari: Tujifunze Nini kwa Wamarekani?

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Kidato cha Sita yanapotangazwa, vijana wengi waliosoma tahasusi ya Fizikia, Kemia na Biolojia huelekeza macho yao mahali pamoja tu, yaani kwenye vyuo vikuu vya tiba. Wazazi wao huelekeza macho huko huko, na aghalabu walimu wao pia. Katika shule nyingi imekuwa kama sheria isiyoandikwa kwamba mwanafunzi hodari wa sayansi sharti awe daktari, na kwamba yule atakayekwenda kusomea kemia, kilimo au ualimu ni mtu aliyeshindwa. Mimi ni mwalimu wa kemia katika chuo kikuu, na kila mwaka huwapokea darasani vijana waliokosa nafasi ya udaktari kwa tofauti ya alama chache. Wengine huja wakiwa wamekwisha kukata tamaa kabla ya kuufungua ukurasa wa kwanza wa kitabu.

Katika makala hii sikusudii kueleza mbinu za kupata alama za juu. Mbinu hizo wanafunzi huzipata kwa walimu wao na kwa wenzao waliowatangulia. Nakusudia kuuliza swali lililo kubwa zaidi: kijana anayetaka kuwa mganga yapasa aandaliwe vipi kabla hajaingia katika chuo cha tiba? Ili kulijibu swali hilo, nitautazama kwanza utaratibu wa Marekani, ambako maandalizi hayo yamefanywa kuwa kazi ya miaka minne ya chuo kikuu. Kisha nitatoa maoni yangu juu ya yale tunayoweza kuyachukua, na yale yatupasayo kuyaacha.

Njia mbili za kuingia

Hapa Tanzania, mwanafunzi huingia katika shahada ya udaktari wa tiba moja kwa moja baada ya Kidato cha Sita, iwapo amefaulu vizuri Fizikia, Kemia na Biolojia. Husoma miaka mitano, kisha hufanya kazi ya utarajali kwa mwaka mmoja hospitalini chini ya uangalizi. Uganda nayo hufuata njia iliyo karibu sana na hiyo. Asili ya utaratibu huu ni Uingereza, ambako hadi leo wanafunzi walio wengi huingia katika vyuo vya tiba wakitoka shule ya sekondari. Ulitufikia kupitia Makerere, ambako mafunzo ya uganga yalianza mwaka 1924 na ambako madaktari wetu wa kwanza kadhaa walisomea. Baadaye, mwaka 1963, ilianzishwa Shule ya Tiba ya Dar es Salaam, ambayo mwaka 1968 ilifanywa Kitivo cha Tiba na ambayo leo, tangu mwaka 2007, ni Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili.

Marekani mambo ni tofauti. Huko chuo cha tiba humpokea mtu ambaye kwa kawaida amekwisha kupata shahada ya kwanza. Kijana husoma chuo kikuu kwa miaka minne, kisha huomba nafasi katika chuo cha tiba na kusoma miaka mingine minne, ndipo aanze mafunzo ya ubingwa hospitalini ambayo huchukua miaka mitatu hadi saba kulingana na fani. Kwa hiyo, wakati kijana wetu wa miaka ishirini yu tayari darasani akijifunza viungo vya mwili, mwenzake wa Marekani angali katika miaka ya maandalizi, wala hajui kama atapata nafasi.

Utaratibu wa Marekani ulivyoanza

Utaratibu huu haukuwapo tangu awali. Katika karne ya 19 shule nyingi za tiba za Marekani zilikuwa biashara za watu binafsi. Zilimpokea karibu kila mtu aliyeweza kulipa ada, hata kama hakumaliza sekondari, na wengi walihitimu bila ya kugusa chombo cha maabara. Mwaka 1893 Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, katika mji wa Baltimore, kilifungua shule ya tiba yenye masharti mapya: kila mwombaji awe na shahada ya kwanza, awe amesoma sayansi za msingi, na aweze kusoma Kifaransa na Kijerumani, lugha ambazo utafiti mwingi wa tiba uliandikwa wakati ule.

Mwaka 1910 ilichapishwa taarifa ya Abraham Flexner, mtu ambaye hakuwa mganga bali mwalimu. Alikuwa ametumwa na wakfu wa Carnegie kuzichunguza shule zote za tiba za Marekani na Kanada, nazo zilikuwa 155. Alizikuta nyingi hazina maabara, hazina hospitali za kufundishia, na hazina masharti ya kuingilia yenye maana. Alipendekeza shule zilizo dhaifu zifungwe, na wanafunzi wasipokelewe bila ya kusoma kwanza walau miaka miwili ya chuo. Katika miaka iliyofuata shule nyingi zilifungwa, nyingine ziliunganishwa, na zilizobaki ziliiga mfano wa Johns Hopkins.

Hata hivyo, wapo wanafunzi wengi waliokuwa wakiingia na kushindwa njiani. Kwa sababu hiyo, mwaka 1928 ulianza mtihani wa pamoja wa kuwapima waombaji. Mtihani huo umebadilishwa mara kadhaa, na sasa hujulikana kwa herufi zake nne, MCAT.

Yanayotakiwa kwa mwombaji

Ni mambo gani basi mwanafunzi wa shahada ya kwanza huko huyafanya ili akubaliwe? La kwanza ni masomo. Kwa desturi huhitajiwa mwaka mmoja wa biolojia, mwaka mmoja wa kemia ya jumla, mwaka mmoja wa kemia ya kaboni na mwaka mmoja wa fizikia, yote pamoja na kazi za maabara. Vyuo vingi huongeza biokemia, takwimu, na masomo ya kuandika Kiingereza. Lakini jambo ambalo wengi wetu hatulijui ni kwamba halazimiki kuchukua shahada ya sayansi. Mtu aweza kusomea historia, falsafa au muziki, maadamu amesoma pia masomo ya sayansi niliyoyataja. Takwimu za umoja wa vyuo vya tiba vya Marekani huonyesha kwamba waombaji waliosomea fani za sanaa na lugha hukubaliwa kwa kiwango kisichopungua kile cha waliosomea biolojia.

La pili ni mtihani wa MCAT. Tangu mwaka 2015 mtihani huo una sehemu nne zenye maswali 230, na pamoja na mapumziko huchukua saa saba na nusu hivi. Sehemu mbili ni za sayansi za maumbile: moja ya misingi ya kibiolojia na biokemia, nyingine ya misingi ya kemia na fizikia katika mwili. Sehemu ya tatu ni ya saikolojia na elimujamii: kwa nini watu hutenda watendavyo, na jinsi umaskini, familia na desturi vinavyohusiana na maradhi. Sehemu ya nne haina sayansi hata kidogo. Mtahiniwa hupewa vifungu vya maandishi ya historia, sanaa, siasa au falsafa, kisha huulizwa mwandishi anadai nini, anatoa ushahidi gani, na hoja yake imesimama au imelegea. Kila sehemu hutolewa alama kuanzia 118 hadi 132, hivyo jumla huwa kati ya 472 na 528.

La tatu ni huduma. Mwombaji hutarajiwa awe amekaa karibu na wagonjwa kwa muda wa kutosha: amejitolea hospitalini, amefuatana na daktari katika kazi zake, amewahudumia wazee au wenye ulemavu, au amefanya utafiti katika maabara. Huandikiwa barua na walimu wanaomfahamu, na yeye mwenyewe huandika maelezo ya sababu zake. Wanaochaguliwa miongoni mwa waombaji huitwa kwenye usaili, nao huulizwa juu ya mambo hayo.

Mashindano ni makali. Katika mwaka wa masomo 2023/2024 waombaji wa vyuo hivyo vinavyotoa shahada ya udaktari wa tiba walizidi 52,000, na walioanza masomo walikuwa wapata 23,000. Yaani zaidi ya nusu ya watu waliojiandaa kwa miaka minne waliambiwa hapana.

Kasoro za utaratibu huo

Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu nchini Marekani, nilipewa kazi ya kusimamia maabara ya kemia ya kaboni kwa wanafunzi wa mwaka wa pili. Wengi wao walikuwa katika maandalizi hayo ya udaktari. Walikuwa vijana hodari, wenye bidii kupita kiasi. Lakini swali nililoulizwa mara nyingi kuliko jingine lolote lilikuwa hili: je, jambo hili litakuwamo katika mtihani? Wakati mmoja kijana aliniletea taarifa ya jaribio ambalo kiwango chake cha kuyeyukia kililingana na kitabu bila ya tofauti hata ya nukta moja. Nilipoitaka karatasi yake ya kwanza, ile aliyoiandikia mezani, niliona namba nyingine imekatwa. Alikuwa ameibadilisha kwa sababu ya nusu alama. Nilimrudishia taarifa yake, nikamwambia alirudie jaribio lote, na katika kulirudia akagundua kwamba dawa yake ilikuwa haijakauka. Ile namba aliyoifuta ndiyo iliyokuwa ikimweleza hivyo.

Nimekieleza kisa hiki kwa sababu kinahusu uganga moja kwa moja. Mtu aliyezoea kubadilisha namba ili ipendeze, kesho atakabidhiwa karatasi ya joto la mgonjwa na kipimo cha dawa ya mtoto. Mashindano yanapokuwa makali mno, yanaweza kumfundisha mwanafunzi kuipenda alama na kuichukia kweli. Hatari hiyo si ya Marekani peke yake. Tunayo hapa nyumbani kila tunapomfundisha mwanafunzi majibu ya majaribio badala ya majaribio yenyewe.

Kasoro ya pili ni gharama. Wahitimu wa vyuo vya tiba vya Marekani waliosoma kwa mikopo humaliza, kwa kiwango cha kati, wakiwa na deni linalokaribia dola 200,000. Juu ya hayo kuna ada za mtihani, ada za maombi, nauli za usaili, na madarasa ya kulipia ya kujiandaa kwa MCAT. Mtoto wa tajiri aweza kujitolea hospitalini mwaka mzima bila ya mshahara. Mtoto wa maskini hutumia saa hizo hizo kufanya kazi ya kuosha vyombo. Hata historia inatuonya. Wakati wa taarifa ya Flexner kulikuwa na shule saba za tiba za Wamarekani weusi. Baada ya masharti mapya zilibaki mbili tu, Howard na Meharry, na kwa miaka mingi vijana weusi karibu hawakuwa na mahali pengine pa kusomea uganga. Masharti magumu yaliwaondoa waganga wabovu, lakini pia yaliwafungia mlango watu waliokuwa na uwezo.

Kwa hiyo sikubaliani na wale wasemao kwamba nasi tuwalazimishe vijana wetu wachukue shahada ya kwanza kabla ya udaktari. Nchi yetu ingali ina upungufu wa waganga, hasa vijijini. Kuongeza miaka mitatu au minne katika njia ambayo tayari ni ndefu, kwa fedha za wazazi na za mikopo ya serikali, ni anasa tusiyoimudu. Wala hakuna ushahidi kwamba daktari wa Kiingereza aliyeanza akiwa na miaka 18 ni mbovu kuliko daktari wa Kimarekani aliyeanza akiwa na miaka 23.

Lakini ndani ya utaratibu huo wa Marekani mna mawazo matatu yasiyohitaji miaka minne wala dola. Nayo ni haya: kwamba sayansi ijifunzwe kwa mikono, kwamba mganga ajue lugha na jamii kama ajuavyo kemia, na kwamba kijana amwone mgonjwa kabla ya kuamua. Haya twaweza kuyaanza katika Kidato cha Tano, au hata mapema zaidi.

Mfano wa pakiti ya chumvi na sukari

Ili maneno yangu yasibaki hewani, natoa mfano mmoja ambao kila mwalimu aweza kuutumia. Mtoto anayehara hupewa pakiti ya unga wa kuchanganya na lita moja ya maji. Unga huo, kwa mujibu wa kanuni ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2002, una gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 13.5 za glukosi, gramu 1.5 za kloraidi ya potasiamu, na gramu 2.9 za sitreti ya sodiamu. Mwanafunzi aweza kuyakariri mafungu hayo na kuyasahau wiki ijayo. Lakini mwalimu amwambie akokotoe. Masi ya moli moja ya chumvi ni gramu 58.5, basi gramu 2.6 ni milimoli 44. Sitreti ya sodiamu, pamoja na maji ya fuwele zake, ni gramu 294 kwa moli moja, basi gramu 2.9 ni karibu milimoli 10. Na kwa kuwa kila moja ina ioni tatu za sodiamu, twapata milimoli 30. Jumla ya sodiamu ni milimoli 74. Glukosi ni gramu 180 kwa moli moja, basi gramu 13.5 ni milimoli 75. Sodiamu na glukosi zimekaribia kuwa sawa!

Hapo mwanafunzi atauliza kwa nini zikawekwa karibu sawa, na swali hilo litamtoa katika kemia na kumwingiza katika biolojia. Mwaka 1960 mwanabiokemia Robert Crane alieleza kwamba katika ukuta wa utumbo mwembamba glukosi na sodiamu huingia pamoja kupitia mlango mmoja, na maji huzifuata. Mlango huo hubaki ukifanya kazi hata mgonjwa anapokuwa na kipindupindu. Ndiyo maana maji matupu hayatoshi, na chumvi peke yake haitoshi. Tena ndiyo maana vipimo havifai kubahatishwa, kwa maana chumvi ikizidi yaweza kumdhuru mtoto.

Mwaka 1971, wakati wakimbizi wa vita vya Bangladesh walipojaa katika kambi ya Bangaon nchini India na kipindupindu kikazuka, chupa za maji ya kutia mishipani zilikwisha. Daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuwanywesha wagonjwa mchanganyiko wa chumvi na glukosi uliowekwa katika mapipa, na jamaa za wagonjwa ndio waliowanywesha. Vifo, vilivyokuwa vimefikia kiasi cha asilimia 30 ya wagonjwa, vilishuka hadi asilimia 3.6. Ugunduzi wa maabara ulikuwa umefika mikononi mwa ndugu wa mgonjwa.

Hata hivyo kisa hakikuishia hapo, na sehemu yake ya mwisho ndiyo inayoihusu elimujamii. Kati ya mwaka 1980 na 1990 shirika la BRAC la Bangladesh liliwatuma wafanyakazi wake nyumba kwa nyumba kuwafundisha akina mama kutengeneza maji ya chumvi na sukari guru. Zilifikiwa nyumba zaidi ya milioni 12. Hapo mwanzo akina mama walijifunza vizuri, lakini wachache ndio waliotumia. Walipochunguza sababu, waligundua kwamba baadhi ya wafanyakazi wenyewe hawakuiamini dawa hiyo, na kwamba wanaume, ambao ndio wenye kauli katika nyumba, hawakuwa wameelezwa lolote. Kemia ilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni kuwajua watu. Shirika lilibadilisha mafunzo, likawaendea wanaume sokoni na misikitini, na matumizi yakaongezeka.

Sisi wenyewe tuna mfano wa namna hiyo. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya Watanzania wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajadili malaria, kuhara na kichocho, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Waliofanya kazi hiyo walihitaji kuujua ugonjwa, lakini walihitaji pia kuijua lugha ya watu na mambo wanayoyaamini.

Tuchukue nini

Kwanza, tuyarudishe majaribio mahali pake. Najua walimu watanijibu kwamba maabara hazina vifaa, na kwamba darasa lina wanafunzi wengi. Jibu hilo ni la haki, na wenye dhamana wanapaswa kulisikia. Lakini yapo majaribio yasiyohitaji zaidi ya saa ya ukutani na daftari. Wanafunzi wahesabu mapigo ya moyo kabla na baada ya kukimbia uwanjani, waandike namba za darasa zima, watafute wastani, wachore grafu, kisha waeleze kwa nini namba zao hazilingani. Wakate vipande vya kiazi, wavipime urefu, wavitie katika maji yenye chumvi ya viwango mbalimbali, na waone kipi kimesinyaa na kipi kimevimba. Katika majaribio hayo, mwalimu atoe alama kwa uandishi wa kweli wa namba zilizoonekana, hata zisipofanana na kitabu. Mwanafunzi atakayeeleza sawasawa kwa nini jaribio lake lilikwenda kombo amejifunza zaidi ya yule aliyenakili jibu.

Pili, mwanafunzi wa sayansi asiruhusiwe kuzidharau lugha. Mganga huuliza maswali mchana kutwa. Asipojua kuuliza, hatapata historia ya ugonjwa. Asipojua kusikiliza, atatibu ugonjwa ambao mgonjwa hana. Hospitali ya Mount Sinai, mjini New York, ilianzisha mwaka 1987 mpango wa kuwapokea katika chuo chake cha tiba vijana waliosomea fani za sanaa na lugha, bila ya MCAT na bila ya kemia ya kaboni. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba waliachwa nyuma kidogo na wenzao katika mtihani mmoja wa kitaifa wa sayansi za msingi, lakini kwa jumla walifanya kazi za uganga kwa ufanisi ule ule. Mimi, mwalimu wa kemia, sipendekezi kwamba kemia iachwe. Ninasema kwamba kijana wa Kidato cha Tano asomaye riwaya, aandikaye insha na ashirikiye katika mijadala ya shule hapotezi wakati wake. Anajiandaa.

Tatu, tumpe kijana nafasi ya kuona kazi yenyewe. Karibu kila kata ina zahanati au kituo cha afya. Mkuu wa shule aweza kuandikiana na mganga mfawidhi, wanafunzi wachache wakaenda siku za likizo kusaidia kupanga kadi, kuwaelekeza wazee, kupima uzito wa watoto siku ya kliniki chini ya macho ya muuguzi, na kufagia. Sharti lake ni moja: siri ya mgonjwa ibaki siri, na mwanafunzi asiguse kazi isiyo yake. Wapo watakaorudi wakiwa na ari mara mbili. Wapo pia watakaorudi wakisema kwamba kazi hii haiwafai, na hao watakuwa wameokoa miaka mitano ya maisha yao na fedha za taifa.

Neno kwa wanafunzi

Enyi vijana, jiulizeni kwa nini mnautaka udaktari. Kama sababu ni kwamba mjomba amesema, au kwamba alama zenu zinatosha, sababu hiyo haitawachukua mbali. Usiku wa tatu bila ya usingizi, mbele ya mtoto anayeshindwa kupumua, heshima ya jina la udaktari haimsaidii mtu.

Na kama unautaka kwa dhati lakini hukupata nafasi, fahamu kwamba njia haijafungwa. Wapo waliosoma Stashahada ya Utabibu, wakafanya kazi vijijini, kisha wakaingia chuo kikuu kusomea udaktari. Na wanapoingia huwa wamekwisha kuyaona yale ambayo wenzao wameyasoma tu. Tena tazama upya hiyo pakiti ya chumvi na sukari. Crane alikuwa mwanabiokemia. Waliokwenda nyumba kwa nyumba kule Bangladesh wengi wao hawakuwa madaktari. Mhandisi anayeleta maji safi kijijini, mtaalamu wa takwimu anayegundua mahali ugonjwa ulipoanzia, mfamasia anayepima ubora wa dawa, na mwalimu wa Biolojia wa Kidato cha Pili, wote hao wamo katika kazi ya kuokoa maisha.

Walimu wenzangu, mzigo mkubwa uko kwetu. Mwanafunzi atatuuliza, kama nilivyoulizwa mimi, iwapo jambo fulani litakuwamo katika mtihani. Tumweleze ukweli kuhusu mtihani, kwa maana ana haki ya kufaulu. Kisha tumpe mizani, chumvi na lita moja ya maji, na tumwambie apime mwenyewe.